Leva za zamani na breki za V: zinafungika vizuri, ila hesabu inakataa

Swali hili haliishi. Mtu ana baiskeli ya mlimani ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, fremu ya chuma bado nzima, giya zinaingia vizuri tu, ila breki zake za kantileva zimechoka, sasa kapata seti ya breki za V, kazifunga zikakaa kama zilitengenezwa kwa ajili ya foku ile ile (ule uma unaoshika gurudumu la mbele), halafu ndo anauliza: hizi leva zangu za zamani, vile vishikio vya kubonyeza breki kwenye hendeli, si naziacha tu? Hapo atajibiwa na watu wawili. Wa kwanza atamwambia usithubutu, utavunja meno. Wa pili atamwambia achana naye huyo, mimi natembelea hivyo hivyo mwaka wa tatu huu na breki zangu zinashika kuliko zake. Na wote wawili hawadanganyi, ndo mana ubishi hauishi.

Mimi nilikuwa upande wa huyo wa pili mpaka siku moja kwenye mteremko, nitaisimulia huko mbele. Kwanza tuone kinachotokea, mana ukishakiona ni hesabu ya kugawanya na kuzidisha tu.

Kantileva ni zile breki zenye mikono miwili mifupi iliyotoka pembeni ya tairi, waya mkuu unashuka katikati toka juu, unashika kijiwaya kingine kilichokatiza juu ya tairi kama kamba ya kuanikia nguo, ukibonyeza leva ile kamba inanyanyuliwa katikati, mikono inaingia ndani, raba zinabana rimu. Baiskeli nyingi za mlimani zilikuja na hizi kuanzia miaka ya 1980 hadi katikati ya 1990 (kuna kipindi waliweka aina nyingine za ajabu ajabu huko nyuma chini ya fremu, zinakusanya tope kama sepetu, hizo tuziache). Halafu 1996 kampuni ya Shimano wakaleta V-Brake. Jina ni lao la biashara lakini sote tunaziita breki za V hata zikiwa za kampuni nyingine. Hizi mikono yake ni mirefu, imesimama wima kushoto na kulia kwa tairi, na waya haushuki katikati, unakatiza juu ya tairi kutoka mkono mmoja hadi mwingine ukipitia kwenye kibomba cha chuma kilichopinda. Waya unavuta mkono mmoja, kava ya waya inasukuma mwingine, basi zinabana kama koleo la fundi.

Mtego wenyewe uko hapa: zote mbili zinafungwa kwenye vigingi vile vile viwili vilivyochomelewa kwenye foku na kwenye fremu nyuma. Bolti ile ile, tundu za springi zile zile, na kichwa cha waya ni kile kile cha mviringo kama kipipa kidogo, kinaingia kwenye leva ya zamani bila kubishana. Kwa hiyo hakuna kitu kinachokuzuia. Ukikosea ukubwa wa nati inakataa palepale unajua umekosea, ila hapa kila kitu kinakubali, unafunga, unaondoka, na kosa unalikuta barabarani.

Sasa hesabu. Umewahi kunyanyua jiwe kwa mtaimbo? Ukishika mtaimbo mwishoni kabisa, jiwe linanyanyuka kirahisi ila mikono yako inashuka mwendo mrefu na jiwe linapanda kidogo tu. Ukishika karibu na jiwe, jiwe linapanda haraka ila mgongo unalia. Ukitaka nguvu unalipa kwa mwendo, ukitaka mwendo unalipa kwa nguvu, cha bure hakuna. Breki ya waya ni mitaimbo miwili iliyounganishwa na waya: leva mkononi mwako ni mmoja, mkono wa breki kule kwenye rimu ni wa pili. Waliotengeneza kantileva waligawa kazi kwa namna yao, waliotengeneza breki za V wakagawa kwa namna nyingine, na kila kampuni ikatengeneza leva ya kuendana na mgao huo.

Tuweke namba. Hizi ni za kukadiria, usije ukanipimia baiskeli yako ukaniletea tofauti ya milimita mbili. Kwenye leva ya zamani, kutoka kwenye pini ambayo leva inazungukia hadi pale kichwa cha waya kinapokaa ni kama milimita 20. Kwenye leva ya breki za V ni 30 na kitu, tuseme 32. Vidole vyako vinabonyeza kama milimita 80 kutoka kwenye pini. Kwa hiyo leva ya zamani inazidisha nguvu ya vidole mara 4 (80 kwa 20), leva ya V inazidisha mara 2.5 tu. Lakini vidole vikisafiri milimita 40 mpaka leva iguse gripu, leva ya zamani imevuta waya milimita 10, ya V imevuta 16. Umeona biashara ilivyo, mwenye nguvu havuti mbali, anayevuta mbali hana nguvu.

Njoo kwenye rimu. Mkono wa breki ya V, kutoka kwenye kigingi hadi waya unapofungwa, ni kama milimita 100, wakati raba iko kama 25 tu juu ya kigingi. Hapo nguvu inazidishwa mara 4. Ila ili raba isogee milimita 1, juu kule mkono lazima usogee milimita 4, na mikono iko miwili, kwa hiyo waya lazima uvutwe 8. Kumbuka hiyo 8, ndo roho ya makala nzima. Kantileva ya kawaida, ikiwa imefungwa vizuri, inazidisha kama mara 2, na kila milimita 1 ya raba inakula waya milimita 4.

Unganisha sasa. Leva ya zamani na kantileva: 4 mara 2, nguvu ya vidole imefika kwenye rimu mara 8. Leva ya V na breki ya V: 2.5 mara 4, tumepata 10. Hizo ndizo ndoa halali, na unaona kwanini V zilipotoka watu walizisifia, nguvu imeongezeka kidogo bila kuharibu kitu kingine. Leva ya zamani na breki ya V: 4 mara 4 ni 16! Jamaa wa pili hakudanganya, breki yake kweli inashika kuliko yako. Na ukigeuza, leva ya V kwenye kantileva, 2.5 mara 2, unabaki na 5, hapo unaminya mpaka mishipa ya mkono inatoka na baiskeli inaendelea na safari zake.

Sawa, si tuchukue hiyo 16 tukafurahi? Ndo nilivyofikiri. Rudi kwenye waya. Leva ya zamani ina milimita 10 za kuvuta, basi, baada ya hapo imelala kwenye gripu. Kati ya hizo 10, moja au mbili zinapotea bila kazi, kava ya waya inabonyea kidogo, waya wenyewe unanyooka, mikono ya breki inapinda kidogo, raba inaminyika. Umebaki na 8. Na breki ya V inataka 8 kwa kila milimita 1 ya raba. Maana yake nafasi kati ya raba na rimu, kila upande, haitakiwi kuzidi milimita 1, na hapo ni kwa kugusa tu, bado hujaminya. Ukitaka kuminya kweli kweli unatakiwa ushushe hadi nusu milimita hivi. Nusu milimita! Hiyo ni karatasi chache za daftari.

Nani ana rimu iliyonyooka hivyo? Ukitoka dukani labda. Baada ya shimo mbili tatu, spoku moja imelegea, rimu inacheza nusu milimita kushoto nusu milimita kulia, raba zinaanza kusugua, unasikia shii, shii, shii kila mzunguko. Mtu wa kawaida anafanyaje? Anazungusha ile skrubu ya kurekebishia pale kwenye leva, analegeza waya kidogo, kelele inaisha. Na hapo hapo ndo kauza breki yake, mana zile milimita alizolegeza hakuwa nazo za kulegeza.

Yangu ilikuwa hivyo hivyo. Baiskeli ina zile leva za zamani ambazo breki na giya viko kwenye kipande kimoja, giya 7, sikutaka kuziachia mana zilikuwa zinaingia tiki tiki bila shida. Nikafunga breki za V mbele na nyuma, nikabana karibu kabisa, nikaenda kujaribu kwenye lami kavu. Kidole kimoja tu, gurudumu la nyuma likanyanyuka. Nikajiona nimegundua kitu ambacho wahandisi wa kampuni hawakijui. Nikatembelea wiki kadhaa, rimu ikaanza kusugua, nikalegeza kidogo kama nilivyosema. Halafu siku ya mvua nikashuka mteremko wa udongo, mrefu, wenye mchanga mchanga, nikawa nabonyeza breki muda wote, na kila nikishika leva inakuja karibu zaidi na gripu, nikadhani ni vidole vimechoka. Hapana. Rimu yenye maji na mchanga inasaga raba kama jiwe la kunolea. Sasa piga ile hesabu: raba ikilika nusu milimita tu kila upande, breki ya V inadai waya milimita 4 zaidi. Nne! Kati ya nane nilizokuwa nazo, na nilishalegeza. Kabla mteremko haujaisha leva ya mbele ikalala kwenye gripu na bado naenda. Haikukatika kitu, waya mzima, bolti zimekaza, breki iko nzima kabisa, ila haifiki. Nikaingia kwenye majani kwa hiari yangu, magoti yakabaki na alama.

Na ona ubaya wake: breki dhaifu inakuonya kila siku, unajua ni dhaifu, unashuka pole pole. Hii inakuonyesha ubabe siku zote kavu, halafu inakuacha siku ile moja yenye maji na mteremko, yani siku pekee uliyoihitaji.

Kitu kingine kinachochanganya watu ni jinsi leva inavyohisi mkononi. Ukiwa umesimama tu nyumbani, ukabonyeza leva ya V iliyofungwa na kantileva, inakaza kama jiwe, safari fupi, inagota. Mtu anasema aah hii ndo breki. Ukibonyeza leva ya zamani iliyofungwa na V, inazama, laini, kama unabonyeza sponji, mtu anasema hii imelegea ina hewa (hewa kwenye waya, jamani). Ukweli ni kinyume. Ile ya jiwe ni ngumu kwa sababu huna nguvu ya kuibonyeza zaidi, ni kama umeshika mtaimbo karibu na jiwe, na rimu inapata kidogo. Ile ya sponji ni laini kwa sababu una nguvu nyingi mno mpaka unaminya raba na kubonyeza kava ya waya. Kwa hiyo usipime breki kwa ugumu wa leva ukiwa umesimama. Ipime kwa mambo mawili, inasimamisha baiskeli au haisimamishi, na leva ina nafasi iliyobaki kabla ya kugusa gripu au haina.

Tena kuna breki za V, nyingi ni za Shimano, zimewekewa kifaa chenye springi ndani pale kwenye kibomba au kabla yake, kazi yake ni kupunguza ukali ili anayeanza asirushwe juu ya hendeli. Kinafanyaje? Kinakula waya. Springi inaminywa kwanza, waya unasafiri bila raba kuongeza nguvu. Kwenye leva yake halali hakuna shida, waya upo wa kutosha. Kwenye leva ya zamani yenye milimita 10 tu, umekaribisha mgeni mlaji kwenye nyumba yenye njaa. Kama unalazimika kuchanganya hata kwa siku moja, hicho kitoe.

Unajuaje una leva gani? Usiangalie umri wala rangi wala umbo, kuna leva fupi za vidole viwili za zama zote mbili. Ingiza rula. Bonyeza leva mpaka mwisho, chungulia ndani utaona pini inayozungukia na utaona kile kitundu kichwa cha waya kinapokaa, pima kutoka katikati ya pini hadi katikati ya kichwa. Ikiwa 20 hadi 25 hiyo ni ya kantileva, ikiwa 30 na zaidi ni ya V. Kama huoni vizuri au leva ina mitambo mitambo ndani, fanya hivi: fungua bolti inayobana waya kule kwenye breki, shika mwisho wa waya kwa mkono uwe umekaza, weka alama ya kalamu kwenye waya pale unapotokea kwenye kava, bonyeza leva mpaka iguse gripu, kisha pima alama imeondoka kiasi gani. Ukipata 10 hivi au 11, ni ya zamani. Ukipata 15 kwenda juu, ni ya V. Mimi naipenda hii ya kalamu mana haidanganyi, haijali leva imetengenezwaje ndani.

Nasema hivyo kwa sababu zipo leva za Shimano zenye kitu wanachokiita Servo Wave, ambapo kichwa cha waya hakikai sehemu moja, kinateleza kadri unavyobonyeza, mwanzoni leva inavuta waya mwingi haraka ili raba zifike, kisha inageuka inatoa nguvu. Hiyo ukipima kwa rula ikiwa imeachiwa unapata namba moja, ukiibonyeza unapata nyingine. Zipo pia leva zenye swichi kabisa, Shimano wametengeneza za hendeli iliyonyooka zenye alama ya V upande mmoja na C na R upande mwingine (C ni ya kantileva), unachagua kichwa cha waya kikae wapi. Na Avid walikuwa na leva zao za Speed Dial zenye skrubu ya kusogeza hicho kichwa kwa mkono. Ukikuta leva yenye swichi kwenye baiskeli iliyotumika, kabla hujalalamika breki mbovu angalia mtu kaiacha upande gani. Nimeshaona moja imewekwa C na breki ni za V, mwenyewe kanunua raba mara mbili akidhani tatizo ni raba.

Sasa dawa. Dawa ya kwanza na ya kweli ni kubadilisha leva, basi. Leva za V ni kitu cha kawaida, zinaingia kwenye hendeli ile ile, waya ule ule kama bado mzima. Kinachowazuia wengi ni kile kilichonizuia mimi, leva na giya vimeungana, ukitoa leva umetoa giya. Kuna zilizounganishwa kwa skrubu, ukifungua sehemu ya giya inabaki peke yake na inaweza kufungwa pembeni ya leva mpya, nyingine ni chuma kimoja hakitenganishwi, usije na msumeno. Ikiwa ni hizo za chuma kimoja basi tafuta giya za pekee, zile za kusukuma kwa dole gumba juu ya hendeli zinafaa sana, au leva mpya zenye giya 7 zilizotengenezwa kwa mvuto wa V, yani zinavuta waya mwingi kama leva za V, zipo. Ukiwa na giya 7 nyuma sio lazima ubadilishe gurudumu wala mnyororo, watu wanaogopa bure hapo.

Dawa ya pili ni kifaa cha kubadilisha mvuto. Kinachojulikana zaidi ni Travel Agent cha Problem Solvers, kinakaa mahali pa kile kibomba kilichopinda. Ndani ni kapi yenye vipenyo viwili, waya kutoka kwenye leva unazunguka sehemu ndogo, waya unaokwenda kwenye breki unazunguka sehemu kubwa, kwa hiyo leva ikivuta 10 breki inapata karibu mara mbili, na nguvu nayo inashuka kwa kiasi hicho hicho. Kwenye hesabu yetu ile 16 inarudi kama 8, na waya unakuwa wa kutosha. Kinafanya kazi, nimekiona kikifanya kazi, ila waya unapinda kwenye kapi ndogo sana, unachoka mapema, nyuzi zinaanza kukatika moja moja pale pale kwenye kona usipopaona. Ukikiweka uwe na tabia ya kuchungulia. Na kukifunga kwa mara ya kwanza kutakupotezea nusu saa na matusi kadhaa, waya unatakiwa uzungushwe kwa mpangilio wake, ukikosea njia moja hakivuti kitu.

Kuna wanaopendekeza breki za V ndogo, zile zenye mikono ya milimita 80 hadi 90 badala ya 100 na kitu, kama Tektro RX5 au TRP CX8.4. Wazo ni zuri, mkono mfupi unadai waya mchache, kwenye mfano wetu mkono wa 85 unataka kama 6.8 badala ya 8 kwa kila milimita. Zilitengenezwa kwa ajili ya baiskeli za saiklokrosi (mbio za kwenye tope na majani) zenye leva za hendeli ya kupinda. Tatizo ni tairi. Mkono ukiwa mfupi, waya unapita chini zaidi juu ya tairi, na tairi nene ya mlimani inaweza kugusana na kile kibomba, tope likiingia ndo kabisa. Kwa baiskeli ya mlimani iliyogeuzwa ya mjini yenye tairi nyembamba sawa, kwa yenye tairi ya inchi 2 na zaidi pima kwanza ndo ununue.

Na dawa ya tatu ambayo watu hawaitaji kwa sababu haina kitu cha kununua: bakia na kantileva. Kantileva nyingi zinazosemwa vibaya hazina ubovu wowote, zimefungwa vibaya tu. Tofauti na breki za V ambazo nguvu yake ni ile ile ukifunga hivi au vile, kantileva inategemea ile kamba ya kuanikia nguo imekaa juu kiasi gani. Ukiiacha juu sana, pembe kali, inavuta mikono kwenda juu zaidi kuliko ndani, nguvu inapotea. Ukiishusha kuelekea tairi, ikalala zaidi, nguvu inapanda sana, ila na waya unadaiwa zaidi, ni mtaimbo ule ule. Unashusha kidogo kidogo huku unajaribu, mpaka leva igote katikati ya safari yake. Usiishushe mpaka karibu na tairi hasa mbele, mana waya mkuu ukikatika ile kamba inaweza kudondokea kwenye tairi, ikanasa kwenye vimeno vya tairi, gurudumu likasimama ghafla na wewe ukaendelea. Ndo mana baiskeli nyingi za zamani zina kiakisi mwanga au kipande cha chuma juu ya tairi ya mbele, sio urembo, kile kinadaka kamba.

Hii ya kushusha kamba inamsaidia pia yule mwenye shida ya kinyume, aliyekuta leva zake ni za V na breki ni kantileva. Hawezi kupata nguvu yote ila atatoka kwenye ile 5 akasogea, na kwa kuwa leva ya V ina waya mwingi wa kuvuta, anaweza kushusha kuliko mwenye leva ya zamani. Ikitokea lazima uchanganye kwa muda, bora upande huu, breki ni nzito lakini haikukimbii.

Vitu vidogo vya kuangalia ukihama kutoka kantileva kwenda V: kile kishikio cha kava pale juu ya foku au nyuma ya kiti hakina kazi tena, kava inatakiwa iende moja kwa moja mpaka kwenye kibomba, kwa hiyo kava ya zamani itakuwa fupi, kata mpya. Kata ya breki, sio ya giya, zile za giya nyuzi zake zimelala kwa urefu na zinaweza kupasuka ukiminya breki kwa nguvu. Raba za V zinakuja na vishikizo vya mviringo kama vikombe, vinene na vyembamba, kama mikono imeinama nje au ndani badilisha kinene na chembamba upande wa ndani na wa nje mpaka mikono isimame wima. Na wenye breki za rimu za mafuta kama Magura HS33 makala hii haiwahusu kabisa, leva na breki zao ni mfumo mmoja uliofungwa, hakuna cha kuchanganya. Wenye breki za diski zinazovutwa na waya ndo wanahusika, diski za waya zipo za mvuto mfupi na za mvuto mrefu, Avid BB7 kwa mfano ilitoka ya barabarani na ya mlimani, zinafanana sura lakini leva zake ni tofauti, na hesabu ni hii hii.

Mimi baada ya magoti kupona nilichukua kalamu nikaweka alama kwenye waya wa mbele, nikabonyeza, nikapima 10. Nikafunga leva za V, alama ikaenda 16, nikaweka raba kama milimita 1 kutoka kwenye rimu, leva ikawa inagota ikiwa imebakiza nafasi ya kidole kimoja kabla ya gripu hata raba zikiwa zimelika kidogo. Giya nikaweka za dole gumba. Zile leva za zamani na giya zake 7 nikampa mpwa wangu, baiskeli yake ina kantileva, tukashusha kamba kidogo pale kati, anashuka nazo mteremko ule ule.